Imani sio salio: tuelewane kuhusu kumwamini Mungu wakati wa shida

Jumamosi moja ya mwezi wa sita jumuiya yetu ya kanisani ilisali nyumbani kwa mama mmoja anaekaanga samaki pale sokoni ufukweni, hapa hapa Bagamoyo. Saa kumi na mbili asubuhi, mkeka umetandikwa barazani, kusi inapiga mpaka kanga iliyofunika birika la chai inapepea. Tulipofika kwenye kuweka nia yule mama akasema mwanae amelazwa tena, mara ya tatu toka Pasaka, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na mume wake mashine ya boti imekufa, wiki ya pili hii hajashuka baharini. Hajamaliza kuongea dada mmoja akamshika bega, kwa upendo kabisa, akamwambia, "Dada, we ongeza imani tu."

Yule mama akamgeukia. "Naiongezaje?"

Hakuuliza kwa jeuri. Aliuliza kama mtu anaeuliza mafuta ya kupikia yanauzwa bei gani leo. Tulikuwa watu kumi na nne pale barazani na hakuna aliyekuwa na jibu, mwenyekiti akaanzisha wimbo, tukaimba, tukanywa chai, tukatawanyika kila mtu na hamsini zake.

Mi nilikuwa nimekaa karibu na mlango na lile swali nilitoka nalo. Na bahati mbaya wiki ile ile kulikuwa na klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mhubiri anasema kwa sauti kubwa kwamba ukiona shida haziishi nyumbani kwako basi ujue imani yako ina tobo, kagua ulipotoboka. Watu wanaisambaza na vile vimikono vya kuomba chini yake, hakuna anaefikiria ikimfikia mtu aliyekaa kwenye benchi la wodi ya watoto saa nane usiku itamfanya nini. Nikaona acha niandike, sio kwamba mimi ni mtaalamu, ila nimeshaisoma hiyo Biblia mara kadhaa nikiwa na raha na mara nyingi zaidi nikiwa sina, na kuna vitu tunavichanganya sana.

Tuanze na neno lenyewe

Wengi wetu tunaongea kuhusu imani kama salio la simu. Unalo, linatumika, linapungua, likiisha huduma inakatwa, unakwangua vocha mpya (maombi ya usiku kucha, kufunga siku tatu, sadaka nono) na Mungu anarudi hewani. Ndo maana tunaambiana "ongeza". Sasa kama imani ni salio, basi mtu mwenye shida ni mtu aliyezembea kuongeza salio, na hapo tayari tumeshamhukumu kabla hata hatujampa pole.

Kiswahili chetu kinajua zaidi ya hapo. Imani, amini, mwaminifu, amana, amani, yote ni ukoo mmoja, mzizi wa Kiarabu, na hata ile Amina tunayoitikia, ambayo imetoka kwenye Kiebrania, ni ndugu wa ukoo huo huo. We chukua hiyo amana uitazame. Kabla hatujawa na hela za kwenye simu, wanawake wa sokoni walikuwa wanaweka hela kwa mzee wa duka, "mzee nitunzie hii mpaka Idi", au mpaka Krismasi, anafunga kwenye kitambaa anaweka chini ya kaunta. Yule mama akirudi nyumbani anaweza asilale, anawaza je akiumwa, je wezi wakivunja, anajigeuza mpaka alfajiri. Lakini hela zake ziko salama au haziko salama kutokana na yule mzee ni mtu wa namna gani. Wasiwasi wa mama haupunguzi hata shilingi kwenye kile kitambaa, na akilala usingizi wa pono napo haiongezeki hata mia.

Imani ya Kikristo ni hiyo, kukabidhi. Unaweka maisha yako, mtoto wako, kesho yako mikononi mwa mtu fulani kwa sababu ya yeye alivyo. Unavyojisikia ni habari nyingine, na inabadilika kutokana na umelala saa ngapi na umekula nini.

Najua kuna mtu ataniletea Waebrania 11:1, kwamba imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo. Sawa kabisa. Ila tatizo ni kwamba tunasoma mstari wa kwanza tunafunga kitabu. Endelea na sura hiyo hiyo mpaka mwisho. Mstari wa 34 unataja watu ambao kwa imani waliokoka na makali ya upanga, unapiga makofi. Mistari mitatu mbele, wa 37, unataja watu wengine, imani ile ile, sura ile ile, waliuawa kwa upanga. Na wa 39 unasema wote hao walishuhudiwa kwa imani yao na hawakuipokea ile ahadi. Hakuna mahali mwandishi anasema wale wa mstari wa 34 walikuwa na salio kubwa kuliko wale wa 37.

Tumaini lenyewe ni mwanae imani, linatazama mbele: kwa kuwa nimemkabidhi huyu, nategemea mwisho utakuwa mwema hata kama siuoni. Sio sawa na matarajio. Mtu anaweza akawa anatarajia daktari ampe habari mbaya na bado ana tumaini.

Afu kuna hili neno jaribu, ambalo ndo limetuchanganya kuliko yote. Kiswahili cha Biblia kinatumia neno moja kwa vitu viwili, kishawishi cha kutenda dhambi na shida inayompima mtu. Sasa umeshasikia kwenye kila msiba, "Mungu hawezi kukupa mzigo usioweza kuubeba", na tunaapa imo kwenye Biblia. Haimo. Kilichomo ni 1 Wakorintho 10:13, na pale Paulo alikuwa anaongelea mambo ya sanamu na uasherati, kwamba ukishawishiwa Mungu anaacha mlango wa kutokea, usijitetee kwamba ilishindikana. Hakuwa anaongelea kansa wala kufukuzwa kazi. Na Paulo huyo huyo, kwenye barua ya pili kwa watu hao hao, sura ya kwanza mstari wa 8, anawaambia kule Asia walilemewa "mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Paulo! Mtume! Mzigo ulimshinda na amewaandikia kanisa zima wajue. Kwa hiyo ukikutana na mtu amelemewa usimwambie anaweza, pengine hawezi kweli, mshike upande wa pili wa mzigo.

Nanga

Jirani yangu ni mzee wa Kiislamu, amekuwa nahodha miaka mingi, siku hizi magoti yamegoma anashinda anashona nyavu za watu. Nilimuuliza makusudi kuhusu nanga kwa sababu Waebrania 6:19 inasema tumaini ni kama nanga ya roho, na mi niliyezaliwa bara nilikuwa nadhani nanga ni kitu kizito tu cha kuzuia chombo kisiondoke.

Akacheka kwanza. Akasema uzito ni wa kuifikisha chini tu, kinachoshika ni chini penyewe. Nanga haishiki maji mwanangu, inashika chini, ndo maana ukifika mahali lazima ujue chini kuna nini, mchanga, tope au mwamba, kwenye tope laini utaweka hata nanga mbili na chombo kitakokota tu. Afu akaongeza bila mimi kumuuliza, "Na nanga haitulizi bahari. Chombo kitaruka vile vile, na wenye kutapika watatapika. Ila asubuhi mtakuwa hapo hapo."

Hiyo sentensi ya mwisho nilikaa nayo siku nzima. Kwa sababu mahubiri mengi tunayosikia yanatuuzia nanga kama kitu cha kutuliza bahari, ukiitupa tu mawimbi yanalala, na yasipolala ujue nanga yako ndogo. Wakati kwenye Matendo 27 meli aliyopanda Paulo ilipigwa na dhoruba siku kumi na nne, watu 276 ndani, wakatupa nanga nne za tezi, yani nyuma ya meli, usiku wakaomba kuche. Kuche tu, basi! Sala fupi kuliko zote. Na kulipokucha meli ilivunjika vile vile, ila watu wote wakafika nchi kavu, wengine wakielea juu ya mbao. Ukisoma ile sura utaona pia Paulo alichofanya kabla ya alfajiri, aliwasihi wale chakula, maana siku zote hizo walikuwa hawajala.

Ndo maana pia Yesu aliposema imani kiasi cha punje ya haradali inatosha hakuwa anatupa kipimo cha chini cha kufaulu mtihani. Haradali ni kambegu ambako ukikaweka kiganjani upepo unakachukua. Alikuwa anatutoa kwenye kupimana. Na yule baba mwenye mtoto mwenye kifafa kwenye Marko 9 alisema "naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", nusu kwa nusu, na mtoto akaponywa. Ningekuwa na akili ya haraka ile Jumamosi ningemwambia yule mama hilo. Sina akili ya haraka.

Kulia ni dhambi?

Hapa nataka nikae kidogo maana ndipo tunapoumizana zaidi.

Kwenye misiba yetu huku pwani, Wakristo kwa Waislamu, kuna maneno yanatoka yenyewe mdomoni. Kazi ya Mungu haina makosa. Tulimpenda ila Mungu amempenda zaidi. Usilie, unamkosea Mungu. Na kwa Wakristo lazima mtu aseme Bwana alitoa na Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe. Wala sisemi yaachwe, kuna mtu yanamshika asianguke. Ila yakisemwa kwa lengo la kumnyamazisha mtu, hapo ndo shida inaanza.

Hilo la Bwana alitoa ni la Ayubu, sura ya 1. Kitabu cha Ayubu kina sura 42. Sura ya 3 huyo huyo Ayubu analaani siku aliyozaliwa, na kuanzia hapo ni kulalamika sura kwa sura, anamwambia Mungu aje wapelekane mahakamani. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walianza vizuri sana, walikuja wakakaa nae chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, yani matanga kamili kama tunavyokaa sisi kwenye mikeka. Ubaya ulianza walipofungua midomo. Kila mmoja na maelezo yake, lazima kuna dhambi, lazima kuna kitu umeficha, rudi kwa Mungu atakurudishia. Ukiwasoma utadhani ni ile klipu ya WhatsApp. Na mwisho wa kitabu, 42:7, Mungu anawakasirikia wao, sio Ayubu, anasema hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Aliyelalamika ndo aliyesifiwa! Waliomtetea Mungu kwa maneno mazuri wakaambiwa wakatoe sadaka na Ayubu awaombee.

(Na kwa wale wanaotafuta jibu la "kwanini" kwenye kile kitabu, mniwie radhi, halipo. Mungu anaongea sura nne nzima, 38 mpaka 41, kuhusu bahari na nyota na mbuni na mamba, na sababu ya mateso ya Ayubu hamtajii. Jibu pekee alilopata Ayubu ni kwamba Mungu alikuja.)

Zaburi nazo, karibu theluthi yake ni kulia na kulalamika. Ya 13 inaanza "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Ya 88 inaanza gizani inaishia gizani, hakuna hata mstari mmoja wa kumalizia vizuri, na bado iliwekwa kwenye kitabu cha nyimbo za ibada, watu wakaiimba pamoja. Ya 22 ndo hiyo Yesu aliitamka msalabani, Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha. Na kwenye kaburi la Lazaro, wakati anajua kabisa dakika chache zijazo anamfufua, alilia. Kama kulia ni kukosa imani basi tuna tatizo kubwa zaidi ya yule muuza samaki.

Watu wataniuliza, sasa mbona wana wa Israeli jangwani waliadhibiwa kwa kunung'unika? Swali zuri. Tofauti ninayoiona mimi ni hii: wao walikuwa wananung'unika pembeni, mahemani, wanapanga kurudi Misri. Daudi na Ayubu walikuwa wanamlalamikia Mungu mwenyewe usoni. Mtoto akimpigia mama yake kelele "mbona hukuja kunichukua shule" bado ni mtoto wa pale nyumbani, tena anapiga kelele kwa sababu anajua yule ndo wa kuja. Wa kuogopa ni yule anaerudi kimya, anachukua begi anahamia kwa jirani. Kwa hiyo kama una hasira na Mungu, mpelekee yeye hiyo hasira, usiizungushe mtaani.

Nikiwa na mawazo huwa napita misheni, nashuka ile njia ya miembe. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1872 kimbunga kikapiga Zanzibar na huku kwetu, majengo yao mengi yakaenda chini, wakaanza upya. Na kuna makaburi yao pale. Ukisoma mawe utaona wengi walikufa vijana kabisa, homa za huku ziliwamaliza, wengine hata Kiswahili nadhani hakijakaa vizuri mdomoni. Yule mhubiri wa klipu ningempeleka pale nimuulize, hawa nao walitoboka wapi?

Mengine ya haraka haraka

Kuhusu laana ya ukoo. Yule mama alishaambiwa, sio kwetu, sehemu nyingine, kwamba ugonjwa wa mwanae ni laana kwa sababu unatembea kwenye familia. Selimundu inatembea kwenye familia kwa sababu ni ya kurithi, mtoto anachukua nusu kwa baba nusu kwa mama, kama anavyochukua urefu na sura. Baba na mama wanaweza kuwa wazima wa afya, wamebeba tu hiyo chembe bila kujua, na kila mimba inakuwa na nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuupata. Hakuna babu aliyekosea mizimu hapo. Wanafunzi wa Yesu walimuuliza swali la hivyo hivyo kwenye Yohana 9, nani alitenda dhambi, huyu kipofu au wazazi wake, akajibu sio huyu wala wazazi wake. Na kwenye Luka 13 mnara wa Siloamu ulipoangukia watu 18 akawauliza, mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote Yerusalemu? Akasema hapana. Sijui tunataka atujibu mara ngapi.

Kuhusu hospitali. Kwenda hospitali sio kukosa imani. Luka aliyeandika Injili Paulo anamwita tabibu mpendwa, na Timotheo aliandikiwa atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, hakuandikiwa aongeze maombi. Mwezi wa pili mwaka 2020 watu 20 walikufa Moshi wakikanyagana kwenda kukanyaga mafuta ya upako, na mwaka 2023 kule Shakahola, pwani ya Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu. Siwalaumu waliokufa hata kidogo, walikuwa watu wenye shida wanatafuta pa kushika. Ila mtu akikwambia uache dawa ndo uthibitishe imani, ondoka hapo, tena usiage.

Kuhusu kupanda mbegu, ile ya toa laki uvune gari. Mjane wa senti mbili kwenye Marko 12 alitoa vyote alivyokuwa navyo na Yesu hakumuahidi kitu. Alimsifia tu, tena yeye mwenyewe hata hakusikia. Naishia hapo kwa hilo maana nitagombana na watu.

Sasa mtu afanye nini

Nilisema jumuiya nzima hatukuwa na jibu la "naiongezaje". Nimelitafuta jibu, na nililolipata ni la kawaida mno mpaka naona aibu kuliandika.

Eliya, nabii aliyeshusha moto kutoka mbinguni, sura inayofuata (1 Wafalme 19) amekaa chini ya mti anaomba afe. Inatosha, anasema. Mungu hakumpa mahubiri. Alimtuma malaika na mkate na chupa ya maji, akala akalala, akaamshwa akala tena. Kula na kulala, mara mbili, kabla ya neno lolote la kiroho. Wapo watu kwenye makanisa yetu wanakemewa mapepo wakati wanachohitaji ni ubwabwa na mtu wa kuwashikia mtoto walale masaa sita. Na wapo ambao hata wakilala haiondoki, miezi inapita hawana hamu ya chakula wala ya watu, wanawaza kufa. Hao wanahitaji daktari, kama wa presha anavyohitaji daktari, na sala iende nae njiani.

La pili, imani inaazimwa. Kwenye Marko 2 watu wanne walitoboa dari wakamshusha mwenzao aliyepooza, na imeandikwa Yesu alipoiona imani yao. Yao! Yule wa kwenye godoro hatujaambiwa kama alikuwa anaamini au alikuwa anawaza tu dari la watu litalipwa na nani. Kuna wiki huwezi kusali. Mdomo mkavu, rozari iko mkononi na imeishia punje ya tatu. Basi kaa tu pale jumuiya wenzako wasali, siku yao ikifika utawabeba na we.

Na la tatu ni neno moja ambalo kwa mtu wa Bagamoyo linatakiwa lieleweke bila mwalimu. Petro anasema mmtwike yeye fadhaa zenu zote. Mmtwike. Hapa ndipo misafara ya wapagazi ilipokuwa inaishia, watu wametembea kwa miguu kutoka Ujiji na Tabora, kila mtu na mzigo wa kama kilo 30 kichwani au begani. Mzigo wa uzito ule mtu hajitwishi wala hajitui peke yake, lazima mwingine ashike. Wazee wanasimulia jina la mji lilivyopatikana kwa namna mbili. Wengine wanasema ni mpagazi amefika pwani, anajiambia bwaga moyo, tua, safari imeisha. Wengine wanasema ni mtumwa anaesubiri kuvushwa, naubwaga moyo wangu hapa kwa sababu nchi yangu siioni tena. Mi sijui nani yuko sahihi na siku hizi wala sitaki kujua, kwa sababu sala ya mtu mwenye shida inakuwa na zote mbili, siku nyingine kwenye sentensi moja.

Mtoto aliruhusiwa siku ya kumi na moja. Bado anameza foliki asidi kila siku, bado kliniki, bado akipigwa na baridi wanaamka usiku. Mashine ya boti imefungwa nyingine ya mkopo. Jumuiya tuligawana, wawili wakawa wanamshikia meza ya samaki asubuhi, mwingine nauli, na yule dada wa "ongeza imani" ndiye aliyelala nae wodini siku nne, chini, kwenye kanga. Hakuongelea tena mambo ya imani, alikuwa anaongelea bei ya vibua.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya huyo mama kusoma. Akachagua mwenyewe Zaburi ya 13. Akasoma hata lini, hata lini, hata lini, mpaka mstari wa nne. Akanyamaza. Mwenyekiti akamkumbusha taratibu kwamba bado mistari miwili, ile ya "nami nimezitumainia fadhili zako".

"Naiona," akasema. "Hiyo nitaisoma nikifika."

Akafunga Biblia akaiweka mapajani. Tukaangaliana kidogo, afu bibi mmoja kule pembeni akaitikia Amina, na sisi wengine tukafuatia.